Jina la Mzee Ng'wandu

Alhamisi, ofisini Cheyo

Wanalijua tatizo. Waliotuuzia programu ya kujengea mfumo wa wakulima wamenijibu tena: "Hitilafu inafahamika. Kwa sasa, ondoeni alama ya juu kwenye ng'." Hiyo "kwa sasa" ina miaka mitatu.

Leo Mzee Ng'wandu ametoka Usoke kufuata mbolea ya tumbaku. Ghalani wamemkatalia: kitambulisho kinasema Ng'wandu, mfumo wangu unasema Ngwandu. Akaja kwangu ofisini.

"Mwanangu, huyu Ngwandu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Baba yangu hakuniita hivyo."

Nikairudisha alama kwenye jina lake. Orodha nzima ya Usoke ikagoma kufunguka. Nikaiondoa tena, yeye amesimama pale pale akinitazama.

Ameondoka bila mbolea, na mvua zimeshaanza. Sijui nimwandikie nani tena.