Maduara ya Mninga

Jumatatu, 30 Septemba 2024

Hili sijawahi kumwambia mtu: maduara ya bluu kwenye kalenda za Babu, kuanzia 2017, ni yangu.

Babu Eliakimu hakutupa kalenda. Kila mwaka alitundika mpya ya kanisa juu ya ile ya zamani, msumari uleule wa sebuleni, tangu 1988. Siku mninga wa nyuma ya nyumba ulipotoa ua la kwanza, tarehe ile aliizungushia duara. Siku ya mvua ya kwanza ya kweli aliandika M. Tulipomzika, 2017, Bibi alisema msumari ule usiguswe na mtu ila yeye, akitundika kalenda mpya. Nilikuwa na miaka tisa. Niliugusa, na M pia ni zangu tangu hapo.

Leo kabla ya shule – ua moja. La manjano, kama ukucha, kwenye tawi lisilo na jani hata moja. Tangu Aprili hakuna tone. Limekunywa nini? Nilisimama pale mpaka nikachelewa mstarini.

Bibi Anyesi naye ameliona. Ameanza kuhesabu. Siku kumi na nne, kisha uwele unapandwa kwenye vumbi, usubiri mvua. Kitongoji kizima hapa juu ya Kibakwe hupanda anapopanda yeye.

Jumamosi, 5 Oktoba

Bibi alikwenda mnadani. Nikashusha kalenda zote, nikazitandaza sakafuni. Thelathini na saba. Nikakaa katikati yake.

1988: 24 Oktoba. 1989: 26. Halafu zinacheza, mbele, nyuma, 1997 imerudi hadi Novemba. Lakini ukizitazama zote kwa pamoja, maduara yanatembea. Kama kundi la mbuzi: mmoja mmoja anazubaa, kundi linasonga. 2010: 13 Oktoba. Mwaka jana: 3 Oktoba. Mwaka huu ndiyo mara ya kwanza duara kukaa kwenye ukurasa wa Septemba.

Mti haujasogea hata hatua moja, na umetembea zaidi ya wiki tatu.

Herufi M hazikutembea. Mwisho wa Novemba, mwanzo wa Desemba. Palepale.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mwalimu Ambokile wa Biolojia aliuliza ni nini huamsha miti kabla ya mvua. Sikunyoosha mkono. Nilimfuata maabara baadaye, na tarehe zangu kwenye karatasi. Alizisoma mara mbili. Akasema ipo miti inayosikiliza joto. Joto likiwahi, nayo inawahi. Nikauliza, na mvua? Akasema mvua ina mambo yake.

"Hii ni data. Umeipata wapi?"

Nikasema, kwa mtu.

Data. Babu, aliyeishia darasa la nne.

Mwaka jana tulipanda tarehe 17. Kikapita kimvua, uwele ukachipua, jua likauchoma mwezi mzima. Bibi anasema ulikuwa mkosi. Mbegu imebaki ya kibuyu kimoja, imechanganywa na majivu. Hakuna nyingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya ibada Mzee Filipo, jirani yetu, alimsimamisha Bibi. Humwita kwa jina la baba yangu.

"Mama Cornel, kesho?"

"Kesho."

"Haya. Ukikosea tena, tunakuja kwako kula maua."

Wakacheka. Mimi nimejaribu mara mbili leo kumwambia Bibi asipande kesho. Mara ya kwanza nikaishia kuomba chumvi. Mara ya pili nikaenda kuteka maji.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Bibi alitoka chumbani na jembe na kibuyu.

"Shikamoo Bibi."

"Umeshaniamkia."

Basi nikasema yote kwa pumzi moja. Kwamba mti hausemi uongo. Kwamba umeamshwa na joto, na mvua haina habari.

Nikashusha kalenda.

"Nani kakwambia ushike hapo?"

Bibi hasomi. Nikapanga punje za mahindi sakafuni, punje moja kwa siku, kutoka duara hadi M. Mstari wa 1988: thelathini na mbili. Mstari wa mwaka jana ulivuka mkeka, ukafika mlangoni. Hamsini na tisa. Bibi aliufuata kwa macho punje kwa punje. Kisha akaiinua kalenda ya mwaka jana, niliyoilaza mwanzoni mwa mstari.

"Babu yako yuko kaburini. Hili duara nani kaliweka?"

"Mimi, Bibi."

Aligusa duara kwa kidole gumba. Akaweka kibuyu chini, jembe hakuliweka. Akaenda nyuma, kwenye mninga.

Mzee Filipo amefika na wenzake, majembe begani. Wamesimama kwenye mpaka wa shamba. Wanamsubiri. Yeye anautazama mti.

Nimerudisha kalenda msumarini, moja moja, kwa mpangilio wake. Punje nimeziacha pale zilipo. Halafu nimechukua kibuyu cha mbegu, nimekaa nacho kizingitini, nimekipakata. Ndipo ninapoandikia.