Filamu Yako Ilipofika Kisugu

Kisugu, Kampala
18 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Obita,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na hiyo mvua ya Manila uliyosema haikatiki? Unakula vizuri? Wenye nyumba uliyopanga bado ni watu wema? Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba tunaamka na kutembea. Mama anasali, anachemsha chai, anafagia uwanja kama kawaida. Mimi nimerudi kazini wiki iliyopita.

Utaona mwandiko wangu umepinda. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilivunjika na bado havijanyooka, lakini kalamu inashikika. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu iko kwa polisi tangu Oktoba, na hii niliyoazima sitaki jina lako lionekane ndani yake. Umar wa duka la vitambaa kule Kibuli anasafiri kwenda Uchina kuleta bidhaa, na amekubali kuitia posta barua hii akifika huko. Hajui kilichomo, na hakuuliza.

Sasa nikueleze kuhusu filamu. Ulituambia umewasaidia marafiki wasio na kitu kutengeneza filamu yao wenyewe, kwamba ulibeba taa na kuwapikia wali. Hukutuambia kwamba umo ndani yake. Sikulaumu. Mimi nilijua habari zako tangu ulipokuwa kidato cha tano, nikanyamaza, na wewe ukanyamaza, tukaona tumeelewana.

Nani aliitoa mtandaoni na kuinakili, sijui. Ilimfikia Swaibu, yule mwenye kibanda cha video karibu na stendi ya boda, ndani ya flashi yenye filamu nyingi za Kifilipino. Unakumbuka wateja wake wanavyozipenda tamthilia za huko. Yeye hukaa pembeni na kipaza sauti, anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, anayageuza kwa Luganda papo hapo na kuongeza utani wake. Safari hii alipofungua tu akaiona sura yako. Hakutazama zaidi ya dakika mbili. Alikuja nyumbani anahema.

"Mama Lanyero," akasema, "mtoto wako amekuwa mwigizaji. Jumapili njooni wote, benchi la mbele ni lenu. Kwa heshima yako nitatafsiri kwa Kiswahili."

Mama alivaa gomesi, lile gauni lake la harusi. Baba Mdogo Olanya alizing'arisha viatu vyake kama anakwenda gwaride, akaja na wazee wawili waliostaafu naye polisi. Nje ya kibanda Swaibu alikuwa ameandika kwa chaki: KIJANA WETU WA KISUGU. Watu walijaa hadi wengine wakasimama mlangoni.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa furaha. Kila ulipotokea walipiga makofi. Ulikuwa mwanafunzi mgeni, umepanga chumba juu ya duka la dobi, na yule kijana mwenye nywele ndefu alikuwa akifua nguo za watu hapo chini. Swaibu akasema, huyu ndiye rafiki yake, atamtafutia kazi. Mvua ikaanza, maji yakaingia chumbani. Kijana akakuosha kichwa kwa beseni, watu wakacheka. Kisha akakuinua uso, mkabusiana, na picha ikabaki hapo hapo.

Nilimwona Swaibu amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Halafu akasema polepole, "Anamwambia, ndugu yangu, nimekuombea kwa Mungu." Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutuokoa. Lakini kila mtu mle ndani alikuwa na macho.

Baba Mdogo aliinuka akatoka bila kututazama. Mama hakusogea. Nyuma yetu akasimama Odur, yule mchinja nguruwe wa kona ya juu, akauliza, "Swaibu, unatuonyesha nini?" Chupa ya soda ikapasua kioo cha televisheni. Baada ya hapo sikuweza kuona nani anafanya nini. Walimvuta Swaibu kutoka kwenye kiti chake. Odur alimpokonya kipaza sauti akampiga nacho mdomoni, na kwa kuwa kilikuwa bado kinafanya kazi, kila pigo tulilisikia kwenye spika, kubwa, kama mtu anapasua magogo. Tulisikia hata meno yakivunjika. Mpaka waya ulipokatika.

Nilimshika Mama kiunoni nikamtoa kwa mlango wa nyuma. Walitufuata kama watu arobaini. Wengi nawajua kwa majina. Mmoja nilikuwa nimempa chumvi asubuhi hiyo hiyo.

Tulijifungia. Mawe yakaanza kwenye bati, kisha madirishani. Walikuwa wanakuita wewe utoke. Nikawaambia kupitia mlangoni kwamba hata kwenye bara hili hupo. Mtu akajibu, "Basi tutamchukua aliyewazaa." Waliusukuma mlango, nami nikausukuma, na komeo lilipong'oka vidole vyangu vilikuwa kwenye fremu. Sikusikia maumivu wakati ule, nilisikia sauti tu. Jiwe likapita dirishani likampata Mama juu ya jicho. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, damu ikateremka hadi kwenye mkanda wa gomesi.

Ndipo nikasikia sauti ya Baba Mdogo. "Lanyero, achia mlango. Ni mimi."

Niliuachia. Aliingia, akampita Mama pale sakafuni, akaenda moja kwa moja chumbani kwako. Alitoa sanduku lako la shule, vyeti, jezi, godoro, picha ya kipaimara. Akavirundika uwanjani mbele ya watu, akavimwagia mafuta ya taa, akawasha.

"Mtoto huyu nilimlea mimi baada ya ndugu yangu kufa," aliwaambia. "Leo nimemzika. Mmeridhika?"

Wengine walipiga makofi. Wengine walianza kuondoka. Lakini Odur, shati lake limejaa damu ya Swaibu, alichomoa kipande cha godoro kinachowaka akasema bado nyumba.

Baba Mdogo alikuwa na rungu lake la zamani la kazini chini ya koti. La kwanza lilimpata Odur kwenye kifundo cha mkono, moto ukaanguka. La pili begani, na mfupa ukavunjika wote tukisikia. Hapo ingetosha. Hakuacha. Odur alikuwa chini amejikunja, na yeye anaendelea kupiga, mgongoni, miguuni, hasemi kitu, mpaka wale wazee wenzake walipomshika mikono. Umati ulitawanyika ukimbeba Odur.

Mama alitoka akijishika ukutani, akamshika Baba Mdogo mkono ili amshukuru. Yeye alimsukuma. Mama aliangukia kizingiti. "Wewe ndiye uliyemharibu," alimwambia, akaenda zake. Tangu siku ile hajakanyaga kwetu.

Obita, watu wanasema alichoma vitu vyako ili aiokoe nyumba. Huenda. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nikauona uso wake kwenye moto. Sikuona mtu anayejifanya.

Mama alishonwa nyuzi saba. Siku ya tatu aliniambia nimpeleke hospitali kumwona Swaibu. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, hasemi. Mkewe, Hajara, alikuwa kando ya kitanda. Nilidhani Mama anakwenda kuomba msamaha. Badala yake alimuuliza yule kijana wa kwenye filamu alisema nini hasa, pale Swaibu alipotudanganya. Swaibu aliomba kalamu. Akaandika: Kaa kwanza, mvua haijaisha.

Mama alisoma, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kingine. "Haya tu?" akauliza. "Kwa maneno haya wamekuvunja taya?" Swaibu alitingisha kichwa kwamba ndiyo, machozi yakamtoka. Mama alikaa naye mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Rafiki yako Abudu alikuja wiki hiyo hiyo, kwa boda, amevaa kofia iliyoshushwa usoni. Alituletea unga, akairudishia milango bawaba, akaweka kioo dirishani. Nilikuwa simfahamu vizuri. Sasa namfahamu. Amefukuzwa vyumba vinne kwa miaka miwili. Wenye nyumba wanaogopa sheria, na majirani wanaifanya sheria wenyewe. Aliniambia filamu yenu yeye na wenzake waliitazama zamani, watu tisa chumba kimoja, kwenye simu moja, mmoja wao amesimama getini kuangalia nani anapita. Walipokuona, wengine walilia. Walikuwa hawajawahi kuona mtu wanayemjua akipendwa mbele ya macho ya watu, na hapigwi. Nakuandikia hili ulijue, maana mengine yote niliyonayo ni mabaya.

Na baya kuliko yote ni hili. Siku ya nne polisi walikwenda wodini, wakamfunga pingu Swaibu. Odur aliandikwa mlalamikaji. Swaibu akashtakiwa kwa kutangaza ushoga, na unajua kifungo chake kinafika miaka ishirini. Walichukua flashi, spika, na simu yangu. Kidonda cha taya hakijakauka, akapelekwa rumande.

Mpelelezi aliniita. Hakunifokea. Alisema kama kuna mtu aliyempa Swaibu filamu akamdanganya kuhusu yaliyomo, basi Swaibu ni shahidi, si mshtakiwa. Akasema mtu huyo lazima awe na jina. Akaniwekea karatasi mbele. Mama ilipofika zamu yake, alimwambia, "Mwanangu hakumtumia mtu kitu," akainuka akatoka.

Nilikataa kwa wiki tatu. Kisha Hajara alikuja akaketi sakafuni petu na mtoto wake mgongoni. Hakuniomba. Alinieleza tu kwamba wafungwa wenzake wameambiwa kosa la Swaibu ni lipi, na wamempiga mara mbili, na waya umechomoka mahali pake, uji wenyewe sasa haupiti.

Nilimweleza Abudu, nikitumaini atanikataza. Akasema, "Obita yuko Manila, dada. Swaibu yuko hapa."

Alhamisi, tarehe saba, nilitia sahihi. Niliapa kwamba wewe ndiye uliyemtumia Swaibu ile flashi, ukamwambia ni filamu ya familia, ukitaka ionyeshwe Kisugu kwa makusudi. Niliandika jina lako lote, tarehe yako ya kuzaliwa, na nambari ya pasipoti. Nilikuwa nayo kwenye daftari langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda nawe kuichukua.

Swaibu aliachiwa Jumanne. Wamehama, yeye na Hajara na watoto. Hatatafsiri tena, ulimi hauendi sawa.

Hati ya kukukamata imetoka. Jina lako liko uwanja wa ndege wa Entebbe. Kwa hiyo usije Desemba kwenye kumbukumbu ya Baba. Usije mwaka ujao. Usidanganywe na mtu yeyote atakayekwambia mambo yametulia, hata akiwa mimi kwenye simu, kwa maana huenda sitakuwa peke yangu. Ningeweza kukuuliza kabla. Niliogopa ungekataa, na niliogopa zaidi kwamba ungekubali.

Sitaki unisamehe upesi. Kasirika kwanza. Ukitaka kuniandikia kwa hasira, andika kwa duka la Umar, itanifikia.

Abudu anakusalimu sana. Hajara naye alinipa salamu zako siku walipoondoka, akasema Mungu akulipe, akidhani nilikuuliza. Baba Mdogo hajatoa salamu, nami siwezi kukutungia. Kama yule kijana wa nywele ndefu ni wako kweli, si kwenye filamu tu, mpe salamu za dada yako, mwambie akuangalie kifua. Mungu akufunike huko uliko, akupe watu wa kukuita kwa jina lako bila kuangalia nyuma.

Mama hajui nilichotia sahihi. Wiki hii amepaka chokaa chumba chako kwa mikono yake, amepanda kwenye kiti na lile jicho lake lisiloona vizuri. Kila jioni ananiuliza ndege yako inafika tarehe ngapi. Namwambia bado hujasema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, niliyekufungia mlango,
Lanyero