Diwani na Sala ya Chakula

Jumatatu, 3 Juni

Paka kalishwa saa kumi na mbili jioni, kabla yetu, kama alivyoshauri daktari wa mifugo. Dagaa na ugali. Kamaliza. Saa moja tulipoketi akaja tena, mkia juu, kama hajala tangu Krismasi. Siku ya sita ya mbinu hii. Imeshindwa.

Jina lake Diwani. Nilimpa mimi. Hufika panapoliwa, hupiga kelele, kisha haonekani. Lakini zamani alikuwa na staha, alisubiri makombo. Kero imeanza baada ya Pasaka, mama alipohamia kwetu Moshono kutoka kijijini mlimani. Sisemi mama ndiye sababu. Naandika mfuatano tu.

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni

Nimemfungia stoo wakati wa chakula. Kalia mwanzo hadi mwisho. Mama, kwenye kigoda chake karibu na dirisha (meza anasema ni ya wageni), akasema, "Mfungulieni. Naye ni kiumbe." Sikumfungulia.

Tulipomaliza nikafungua. Hakwenda jikoni. Alikwenda moja kwa moja mlangoni pa chumba cha mama, akakaa pale kama askari wa getini. Saa nzima.

Paka mwenye njaa huenda jikoni.

Alhamisi, 6 Juni

Simu ya dada Anaeli, asubuhi, nikiwa katikati ya kuandika habari ya maji ya gazeti. Dada anakaa Sekei. Alimwona mama kanisani Jumapili. Maneno yake nayaandika kama yalivyo:

"Mama anakonda. Gauni nililomshonea Pasaka linamwelea. Mkeo anampa chakula au anampa sahani?"

Nikamwambia sahani ya mama hurudi safi kila siku.

"Ikirudi unaiona. Ikienda je?"

Swali zuri. Limeniudhi kwa sababu ni zuri. Anasema Jumapili ya tarehe 16 atakuja kula nasi, na akiondoka ataondoka na mama. Ikifika hapo ukoo mzima utajua ni kwa nini, na jina la mke wangu Neema halitasafishika tena. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa.

Mama kweli amekonda. Nilikuwa nimeona. Sikuwa nimeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Chakula cha jioni loshoro. Mahindi laini, mtindi mwingi, mama anavyopenda. Alikula mabakuli mawili. Sala ya mama ilikuwa fupi, Mungu alishukuriwa kwa sentensi mbili.

Diwani hakuja. Alikuwa amelala juu ya kabati akitutazama.

Hili haliingii akilini. Paka huyu huyu hulamba mtindi hadi bakuli linasogea sakafuni. Leo mtindi upo, yeye hayupo. Jana nyama ipo, yeye karibu apande mezani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa Mama Swalehe, jirani, anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake. Nilikuwa nimeshamshuku. Harufu ya samaki inaharibu paka yeyote.

Alicheka. "Paka wako, mwandishi? Anapita hapa, ananisalimia, anaondoka. Kashiba huyo. Mtazame tumbo. Hapo kwako kuna mtu anakula vizuri, na sidhani ni wewe."

Nimemtazama tumbo. Kweli. Paka ananenepa, mama anakonda, chini ya paa moja. Mambo mawili ya kweli yakikaa pamoja hayajawa habari bado. Lakini sijawahi kuyaacha yakae bila kuyauliza.

Jumapili, 9 Juni

Nimefanya jambo la aibu.

Nilisema leo napakua mimi. Ndizi nyama. Mama nikampa vipande vinne, vikubwa, nikavihesabu kichwani. Neema alisimama kando ya jiko akaniangalia nikishika upawa. Tulipokuwa tunaosha vyombo akauliza.

"Unanipima, Baba Lightness?"

Nikasema hapana. Nimeuliza watu maswali kwa miaka thelathini, najua uongo ukisemwa unasikikaje. Naye anajua.

Sahani ya mama ilirudi safi. Hakuna hata mfupa. Vipande vinne, na bado aliinuka kwenye kigoda kwa kushika ukuta.

Kwa hiyo Neema hampunji mama. Nimethibitisha jambo ambalo sikupaswa kulishuku, na gharama yake ni kwamba usiku huu ananiita kwa jina langu kamili.

Sala ya leo ilikuwa ndefu sana. Wenye njaa, wajane, wasafiri, wanafunzi, mvua, bunge.

Jumanne, 11 Juni

Neema kaweka khanga ya mama juu ya meza yangu ya kazi. Pembe moja ina doa la mchuzi, limekauka, lina alama ya fundo. Chembe za ugali ndani ya mshono.

Khanga hiyo mama aliivaa Jumanne iliyopita. Siku niliyomfungia paka stoo. Siku paka alipokaa mlangoni pa chumba chake.

Nina ushahidi. Sina maelezo. Kwa nini mwanamke mwenye akili timamu afunge ugali kwenye khanga katika nyumba ya mwanawe mwenyewe? Nimefikiria uzee unaosahau. Nimemjaribu kwa maswali ya kuzungukazunguka. Alinitajia bei ya kahawa ya mwaka nilioanza shule, akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimesoma tena kurasa hizi tangu mwanzo, kama ninavyosoma daftari kabla ya kuandika habari.

Siku za loshoro na uji: sala fupi, paka haji. Siku za nyama na ugali: sala ndefu, paka anakuja mbio. Na haji sufuria inapofunuliwa. Anakuja mama anaposema, "Tufumbe macho."

Jambo la pili. Nimetazama sahani, upawa, stoo, tumbo la paka, pembe ya khanga. Mama akila sijamtazama hata mara moja. Tulilelewa hivyo: mtoto hamtazami mzazi mdomoni. Nina miaka hamsini na nne na bado nikila na mama nageukia ukutani. Neema vilevile, kwao hata zaidi.

Na sijawahi kufumbua macho kwenye sala. Hata utotoni. Elieza mdogo wetu alifumbua mara moja, akachapwa mwiko.

Jumapili nitafumbua.

Jumapili, 16 Juni

Dada Anaeli kafika saa saba na begi tupu la kubebea nguo za mama. Kaliacha mlangoni ili lionekane. Alimsalimia Neema kwa mdomo bila kumpa mkono. Jikoni nilimsikia: "Wifi, hata mgonjwa wa hospitali analishwa." Neema akaendelea kumenya kitunguu.

Ndizi nyama tena. Mama kwenye kigoda, sahani mapajani. Akasema tufumbe macho. Nikafumba, nikahesabu hadi kumi, nikafumbua.

Diwani alikuwa ameshafika, kimya kabisa, kakaa mguuni pake. Mama macho yake yako wazi. Sauti inaomba, "Uwakumbuke, Bwana, wasio na chakula leo," na mkono unashuka na kipande cha nyama. Paka anapokea bila kelele. Cha pili. Kelele hutupigia sisi wengine. Kwa mama ana adabu ya mwanakwaya.

Alipoinua kichwa akaniona.

Hakukatisha. Aliendelea kuniangalia huku akiwaombea wasafiri, na cha tatu akakishusha hivyo hivyo. Akasema Amina kwa sauti ile ile. Dada na Neema wakafumbua macho. Mimi nikashindwa kula.

Dada hakungoja chai. "Mama, tunaondoka. Hapa hulishwi."

Mama akaweka sahani sakafuni. "Nani kasema silishwi?"

"Mwili wako unasema. Na Mama Lightness anajua ninachosema."

Mama alimtazama Neema, kisha begi pale mlangoni. Nadhani ndipo alipoelewa. Akashika koo.

"Hakipiti," alisema. "Chakula kigumu hakipiti. Kinasimama hapa. Tangu kabla ya Pasaka."

Mengine aliyatoa kidogo kidogo. Kurudisha chakula ni kumtukana aliyepika, na Neema anampikia vizuri, hakutaka kumtukana. Hospitali hataki, kwa sababu mdogo wake alianza hivi hivi, akapelekwa, akawekewa mpira wa kulishia, hakurudi. Paka alikuwa karibu. Basi.

"Nilimficha yeye asione sahani," alisema akimwonyesha Neema kwa kidevu. "Kumbe nimemvua nguo mbele ya watu."

Neema alitoka nje kwenye kamba ya nguo. Nilimfuata. Hakuwa analia. Alikuwa anaanua nguo ambazo hazijakauka.

Nikamwambia nilimpima. Akasema, "Najua. Ulinipunja na wewe, vikubwa vinne vyote ukampa mama."

Begi limerudi Sekei tupu.

Jumanne, 18 Juni

Hospitali tangu saa mbili asubuhi. Mama alikubali kwa sharti moja: Neema ndiye aingie naye, si mimi wala Anaeli. Mpira wenye kamera kooni. Njia ya chakula imebana sehemu moja. Wameitanua na kukata kinyama cha kupima. Majibu baada ya wiki mbili. Daktari hakuahidi kitu na mimi sikumlazimisha. Ninawajua watu wanaolazimishwa kuahidi.

Ameambiwa ale laini, kidogo kidogo, mara nyingi.

Ninaogopa. Nimeliandika, lipo.

Ijumaa, 21 Juni

Anaeli kaja na kibuyu cha mtindi na mkungu wa ndizi. Hakuomba radhi. Aliingia jikoni, akavuta kigoda, akamenya ndizi zote, mkungu mzima, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Neema akamletea mafuta ya kuoshea. Walizungumza kuhusu bei ya sukari.

Kwa watu wa kwetu hiyo ni barua ya kurasa tatu.

Diwani bado msumbufu. Kapanda mapajani pa Anaeli, kakataliwa. Kapanda pa Neema, kakataliwa. Sikumfungia. Ndiye pekee nyumbani humu aliyejua ukweli tangu mwanzo, na tulimweka stoo.

Jumapili, 23 Juni

Mlima ulikuwa wazi asubuhi, hadi kileleni. Mchana ukafunikwa.

Mama alipewa mtori laini wa ndizi kwenye kikombe kikubwa. Sasa anakaa mezani, upande wangu. Alisema tufumbe macho. Sala ilikuwa fupi. Diwani alikuja, akakaa mguuni pake, akasubiri. Hakupewa kitu. Baada ya Amina alisubiri tena kidogo, halafu akaenda kulala.

Mama alikunywa polepole, akipumzika kati ya funda na funda. Robo saa, pengine zaidi. Sikugeukia ukutani. Aliona kwamba namtazama, akaacha nimtazame, mpaka kikombe kilipoisha.