Kipimo Ulichozikwa Nacho

Baba Neema,

Shikamoo. Najua huko uliko wateja hawakusumbui tena, lakini mie bado wananisumbua, kwa hiyo vumilia nikueleze.

Umezikwa na kipimo. Kile kipande cha plastiki ulichokuwa unakiweka chini ya mdomo wa leza kabla ya kukata, unashusha kichwa cha mashine mpaka kikiguse, unakaza skrubu, unasema, "Fokasi imekaa, Rehema. Washa." Kilikuwa kwenye mfuko wa koti lako la kijivu. Koti hilo nililipiga pasi mwenyewe siku ya msiba. Nilisikia kitu kigumu mfukoni, nikadhani ni chanuo, nikakiacha kwa heshima, nikasema mzee alijipenda, aende nacho. Wewe na upara wako! Sijui nilitaka ukachane nini.

Miaka mitano tumefanya kazi wote hapa Tegeta na hujawahi kuniambia kile kipande kina unene gani. Nikiuliza unasema, "Utajua siku ukihitaji." Basi ulipoondoka nikakisia kwa macho. Kichwa kikakaa juu mno, mwale ukatawanyika, plaiwudi ikaungua badala ya kukatika. Mama mmoja wa Boko alikuja kuchukua kibao chake cha mlangoni, akakinusa, akaniuliza, "Sista, hiki umekikata au umekibanika?"

Hilo ningelimeza. Lakini Mama Neema alitaka jina lako lipachikwe kwenye msalaba kabla ndugu hawajafika Jumamosi kutoka Mbeya, na likatwe na mashine yako. Lile lililoandikwa kwa brashi siku ya mazishi lilikuwa limechuruzika rangi. Shemeji yako akasema kama nimeshindwa, kazi apewe jirani yetu, yule uliyekuwa unasema anakata kwa meno. Wewe ulale miaka yote chini ya kazi yake! Nilikwenda mpaka kwa mchungaji kuuliza kama kaburi linaweza kufunguliwa kidogo. Alidhani namtania. Alipoona sicheki, akaniombea.

Ijumaa asubuhi nikainamisha kipande cha plaiwudi, upande mmoja juu, mwingine chini, nikapitisha mstari mmoja wa leza. Ulianza mnene, mweusi, ukazidi kuwa mwembamba mpaka ukawa kama unywele, halafu ukanenepa tena. Pale penye unywele nikapima kwa rula, kutoka mdomo wa leza mpaka kwenye ubao. Milimita saba. Saba tu! Miaka mitano unanificha saba!

Nilikutukana, nisamehe. Kisha nikaweka plastiki nyeusi, nikashusha kichwa mpaka saba, nikakata jina lako. Nilipoinua bamba, herufi zote zilibaki mezani, kingo laini, hata moja haikutaka kusukumwa. Tangu ufe nilikuwa nahangaika na mashine, sikuwa nimelia. Nililia pale, nimeshika herufi ya kwanza ya jina lako, bado ina joto.

Lala salama, Baba Neema. Ile saba nimeiandika kwa rangi nyekundu kwenye mfuniko wa mashine, na atakayekuja kufanya kazi hapa nitamwonyesha siku ya kwanza. Jumamosi alfajiri, kabla ndugu hawajafika, nililipachika jina mwenyewe, shemeji yako kashika gundi. Herufi ikibanduka nitakuja na nyingine, nakuahidi, maadamu niko hai. Umenikera sana. Nimekukumbuka sana.

Rehema