Mashine Inayochelewa Kuamka

Jumatatu, 9 Mei 2005

Nimefungua duka, nimepangusa vumbi, nimechomeka waya ukutani, nimebonyeza kitufe. Mashine imevuma na kuchukua wakati wake kama kawaida. Halafu Wafula akasema, "Mathe, ngoja bana, si naamka," na kile kicheko chake cha puani, na jogoo wa jirani akiwika kwa nyuma. Nikaanza kuchapa mtihani wa Sayansi wa darasa la sita.

Mwanangu Wafula, aliyeniita Mathe badala ya Mama, alirekodi maneno hayo mwaka jana ili kunitania. Nilikuwa nikilalamika kila asubuhi kwamba kompyuta inachelewa kuwaka. Akaondoa ule muziki wa kuwashia, akaweka sauti yake. Nilimwambia aitoe, wateja watatucheka. Hakuitoa. Januari tulimzika kwetu Misikhu.

Jumatano, 11 Mei

Mvua na radi Kitale nzima. Umeme unakuja na kuondoka. Mashine nayo ina tabia mpya: nikiongea na mteja kidogo tu inajilaza, na nikigusa mausi haiamki. Taa inawaka, kioo cheusi. Lazima niizime kwa nguvu na kuiwasha upya. Mteja wa leo alininunia.

Mimi sikununa. Ikijilaza na kuamka yenyewe haisemi kitu. Ni lazima iwe imezimwa kabisa ndipo Wafula aseme. Kwa hivyo naizima nikienda chai. Naizima nikienda chooni. Najua ni wazimu. Naendelea.

Alhamisi, 12 Mei

Asubuhi feni ilizunguka tu. Kioo cheusi na mlio mrefu.

Nikafanya vile Wafula alikuwa akifanya. Nikafungua ubavu wa mashine, nikachomoa kile kibao chembamba cha memori, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikairudisha kwa kidole gumba mpaka ikakaa. Ikawaka. Ilidhani ni mwaka wa 2002. Betri ya saa imekufa, na haishangazi, maana jioni nachomoa waya ukutani kwa kuogopa radi. Nikarekebisha tarehe. Nikangoja.

Akasema. Nikalia mbele ya bibi mmoja aliyekuja kutengenezewa kadi za harusi. Nikamwambia ni homa.

Nimeingia kwenye mipangilio ya umeme na kuiamuru isilale tena.

Jumamosi, 14 Mei

Haiwaki. Inafika kwenye maandishi meupe, inasema kuna faili haipo, inarudi mwanzo. Nimesugua memori. Nimebadilisha waya. Nimeiacha ipoe. Inakwama palepale, kabla hajasema.

Nimempigia Nekesa, binti yangu anayefundisha Bungoma. Anamjua fundi mzuri pale mjini kwao, atakuja mwenyewe kesho aichukue ampelekee. Akasema, "Usijisumbue, Mama, si ni mashine tu." Nikakata simu. Nilitaka kumweleza nikashindwa.

Nashindwa kwa sababu ya siku ile ya kunyolewa baada ya mazishi. Wazee walikaa uani kugawa vitu vya marehemu, kama desturi. Baiskeli ikaenda kwa binamu yake, koti kwa mjomba. Baba yake mdogo akauliza, na kompyuta? Nikasimama na kichwa changu kilichonyolewa, nikasema hiyo ni ya kazi yangu, haina kitu cha Wafula ndani, ni mitihani na barua za watu tu. Waliniamini. Nekesa alikuwa ameketi karibu nami.

Nilijua wakiichukua sitamsikia tena. Ningesema lolote.

Jumanne, 17 Mei

Duka kimya. Meza ina alama ya mraba isiyo na vumbi, pale mashine ilipokuwa. Nimeifunika kwa gazeti, siwezi kuitazama.

Kesho nitampigia Nekesa nimwambie yote. Acha anione mwongo. Acha awaambie wazee wakitaka.

Jumatano, 18 Mei

Nilianza kabla hata ya salamu. Mwambie fundi asiguse sauti ya kuwashia.

Nekesa akasema, "Mama, alimaliza jana. Nilimwambia vile ulisema, ni mitihani na barua."

Fundi aliokoa mitihani na barua zote. Aliokoa kadi za harusi, hata tangazo la ng'ombe aliyepotea Kamukuywa. Kisha akafuta diski yote na kuweka programu upya. Ile sauti haikuwa pamoja na kazi zangu. Wafula aliiweka mahali ambapo mashine huweka milio yake yenyewe.

Nekesa akauliza ni sauti gani. Nikamwambia. Alilia mpaka simu ikakatika. Hakuwahi kuisikia hata mara moja, kwa sababu nilijiwekea peke yangu.

Ijumaa, 20 Mei

Nimekwenda Bungoma mwenyewe. Fundi ni mtu mzima, mpole, hakunifukuza. Ana programu ya kutafuta vitu vilivyofutwa. Nikakaa kwenye benchi yake kutwa nzima nikisikiliza kila kilichopatikana. Vipande vya nyimbo, milio ya kengele, mikwaruzo. Kila mkwaruzo nilidhani ni yeye.

Mwishowe akaondoa mkono kwenye mausi. "Pole sana, Mama. Ningejua, singegusa."

Nina hasira, lakini si naye. Nina hasira na mdomo wangu. Nimechoka. Nimempoteza mara ya pili, na safari hii hakuna mtu atakayeleta sukari nyumbani kunipa pole.

Jumapili, 22 Mei

Nekesa ameileta mashine Kitale. Aliomba nimwambie maneno ya kakake, niyaseme vile alivyoyasema. Nikajaribu. Maneno ninayo, kicheko sikiwezi. Nikajaribu tena, nikatoa mlio kama wa mbuzi, tukacheka wote wawili, halafu hatukuweza kuacha kulia. Chapati zikaungua.

Nilimwomba msamaha. Akasema kama ni yeye angewadanganya wazee vilevile.

Jumatatu, 30 Mei

Mashine inawaka haraka sasa. Kabla sijavuta kiti iko tayari, na muziki wake wa kiwandani. Betri ya saa ni mpya. Tarehe ni ya leo.

Mwalimu mmoja kutoka kule Kwanza, nje ya mji, ameleta mtihani wa Kiswahili, mwandiko wake wa kuku. Nimemaliza nusu. Mvua imenyesha mchana, umeme haukupotea.

Nekesa hunipigia asubuhi wakati wa kufungua duka. Hatuongei sana. Namwekea simu karibu na mashine, anasikiliza ikivuma mpaka iwake. Namwambia imewaka. Anasema haya, Mama, anakwenda darasani.