Wekesa Anakohoa Mwenyewe

Mama yangu mpendwa,

Habari za Bungoma? Hapa Laini Saba kuna manyunyu tangu asubuhi, na moshi wa makaa unatambaa polepole juu ya mabati, kama mtaa mzima bado unaota.

Uliniomba nione kwa macho yangu kama shamba tuliloliuza kwa matibabu ya kaka lilienda bure. Halikwenda bure, Mama. Tangu kaka Wekesa aanguke kule mjengoni na kuvunjika uti wa mgongo, hakuweza kukohoa. Kila makohozi yalipomkaba, mkewe Nafula alimkandamiza tumbo kwa mikono, na bado nimonia ilimrudisha hospitali. Sasa amepandikizwa chini ya ngozi kifaa kinachostua misuli kwa umeme. Akibonyeza swichi kwa kiwiko, misuli ya tumbo inajikaza, naye anakohoa mpaka majirani wanasikia.

"Umeskia hiyo, sister?" aliniuliza akitabasamu. "Hiyo ni yangu mwenyewe."

Nafula alisimama mlangoni, hajui mikono aiweke wapi.

"Enda tu utembee," Wekesa akamwambia. "Niko sawa."

Akatoka peke yake, mara ya kwanza tangu ajali ile. Sisi tukala ugali na mboga ya mrenda, tukasikiliza mvua, tukasinzia.

Aliporudi alikuwa amesukwa nywele. Wekesa alimtazama kana kwamba ni mgeni.

"Karibu, madam," akasema. "Unatafuta nani?"

Nafula alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaketi kitandani kando yake.

Jifunike vizuri, Mama. Tunakupenda sana.

Binti yako, Nanjala