Nimezima Kijani

4 Aprili

Mdogo wangu,

Jicho langu la kushoto lilikufa Jumanne tarehe 12 Machi, saa tano kasoro dakika ishirini asubuhi, ndani ya chumba chako cha leza. Baada ya hilo, hujambo? Mimi sijambo, ukiliondoa jicho. Nipo kwa Mama. Nakuandikia barua kwa sababu simu haina shahidi, na yaliyonifika yalitokana na maneno ya mdomo.

Nikimtazama mtu kwa jicho hilo naona masikio mawili yasiyo na uso. Chai naimimina pembeni ya kikombe. Mama nimemwambia ni mtoto wa jicho. Sikudanganya sana: ni mtoto, tena wa tumbo lake.

Tuweke hesabu sawa. Leza yako inatoa mwanga wa nanomita 1064, ambao macho hayauoni. Ukipita kwenye fuwele, kile kijiwe kiangavu unachokitunza kwenye joto lake, wimbi linakatwa nusu, 532, ndicho kijani tunachokiona. Siku ile wewe ulikuwa chumba cha kompyuta, mimi mezani. Nikauliza kwenye kipaza sauti kama nisafishe lenzi ya tatu. Ukajibu. Nikatazama, kijani hakipo. Nikavua miwani ya kinga, maana ukiivaa vumbi la lenzi hulioni, na karatasi ya ukutani inaruhusu: leza ikizimwa, miwani ivuliwe. Nikainama. Kichwani kikalia kitu "tap", kama punje ya bisi.

Kumbe ulikuwa umeisogeza fuwele tu kando ya njia ya mwanga, kwa kompyuta. Ule mwanga usioonekana ulikuwa bado unapita.

Kamati ya usalama inaandika ripoti. Waambie ulinijibu nini. Hilo tu.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole, na pole tena. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Mama hajambo?

Bila wewe nisingefika hapa. Ulianza kwa kusaga vioo vya miwani dukani, leo meza yangu yenye vioo arobaini na moja uliipanga wewe, bila cheti hata kimoja. Profesa aliyetutembelea alidhani wewe ndiye daktari na mimi karani!

Nakiri, fuwele niliisogeza. Leza ukiizima, inachukua dakika arobaini kutulia tena. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, fotoni pacha, zile chembe za mwanga zinazozaliwa mbili mbili, zilikuwa zinahesabika: jozi 212 kwa sekunde. Niliogopa nikizima zitanipotea. Zimenipotea hata hivyo. Chumba kimefungwa tangu siku ile.

Kuhusu nilichokujibu, tutaongea tukionana. Kamati wanataka maneno kamili, na mimi siyakumbuki vizuri.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Huku wote wazima.

Huyakumbuki? Jozi 212 unazikumbuka.

Dakika arobaini! Ningevuta kigoda nikazisubiri. Wewe ungeniambia tu.

Nimeletewa rasimu ya ripoti. Ukurasa wa sita: "Fundi alivua miwani kwa uzembe, ingawa mtafiti mkuu alimwarifu kuwa amezima kijani." Hilo neno la mwisho kalitia nani? Mimi nilisikia "Nimezima, Kaka, safisha." Aliyeambiwa "nimezima" anavua miwani. Aliyeambiwa "nimezima kijani" anajua mwanga mwingine bado upo, na havui. Miaka kumi na minne nimekaa na leza, hilo silikosei.

Ripoti ikipita hivyo, mimi ni mzembe kwa maandishi. Hakuna maabara itakayonifungulia mlango.

Kaka yako

11 Mei

Kaka,

Shikamoo. Natumaini maumivu yamepungua na Mama anapata usingizi.

Kijani nilikizima, na kifizikia huo ni ukweli. Nikiandika kwamba nilisema leza imezimwa kumbe inawaka, chumba hakitafunguliwa tena. Nina wanafunzi wanne, wataondoka mikono mitupu. Miaka tisa itakuwa bure. Jicho lako, Kaka, halirudi hata nikiandika nini. Kazi hii bado inaweza kupona.

Nitakutunza maisha yangu yote. Naomba unielewe.

Mdogo wako daima

24 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo.

Nimekuelewa. Hilo ndilo baya.

Juzi nilikwenda kuomba kazi kwa fundi miwani. Akanipa skrubu moja niifunge kwenye mkono wa miwani. Nikakosa tundu mara kumi na moja. Akaniambia, "Fundi, kunywa maji kwanza." Nikanywa. Nikakosa mara ya kumi na mbili, nikamrudishia skrubu yake. Kwa hiyo hapo umesema kweli: halirudi. Wala kazi ya mikono yangu hairudi. Kilichobaki kinachoweza kupona ni sentensi moja, ukurasa wa sita.

Kunitunza acha. Mimi si fuwele, uniweke kwenye joto lake na kunisogeza unapotaka.

Kamati inaifunga ripoti Ijumaa tarehe 31. Barua hii itakufikia Jumatatu. Kutoka mlango wako mpaka mlango wao ni hatua sitini na nne; nilizihesabu siku nilipobeba ile meza. Sitegemei kwamba utazitembea. Nakuuliza ili usije ukasema hukuulizwa.

Ulisema "nimezima", au ulisema "nimezima kijani"? Nataka moja kati ya hayo mawili, kwa maandishi, mkononi mwa kamati, kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa.

Kaka yako